Dhahabu Yako Imetoka Buluu? Usiimwage

Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa mwanafunzi wa kemia: "Shikamoo kaka. Chembe zangu za dhahabu, zile ndogo mno zinazoelea majini, zimetoka buluu badala ya nyekundu. Naambiwa nimwage nianze upya." Marahaba, mdogo wangu. Usimwage.

Mimi nilimwagiwa. Msimamizi wa maabara niliyosomea aliimimina chupa yangu ya zambarau mbele ya wenzangu, akisema nimeharibu mali ya chuo. Bado inaniuma, kwa kuwa ile rangi ilikuwa jibu na hakuna aliyejisumbua kuisoma.

Njia yenyewe ya kutengeneza chembe hizo, ile ya mkemia Turkevich ya mwaka 1951, mnaijua: mililita 20 za mmumunyo wa dhahabu zinatokota, sumaku inakoroga, unatia mililita 2 za sitrati ya sodiamu ya asilimia 1. Umanjano hufifia, hupita buluu iliyokolea na zambarau, halafu hutulia kwenye rangi ya damu ya mzee. Kwa hiyo buluu ya mapema isikutishe. Acha ichemke.

Ikibaki buluu, hapo chembe zimeshikana. Chembe za nanomita 15 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), kila moja ikielea peke yake, hufyonza zaidi mwanga wa kijani, wenye urefu wa wimbi karibu na nanomita 520, nasi tunaona wekundu. Sitrati huzipa chaji hasi ili zisukumane. Chumvi ikiingia huudhoofisha msukumano huo, zinakaribiana, na ufyonzaji unahamia kwenye mwanga mwekundu, nasi tunaona buluu. Jihakikishie: chukua mmumunyo mwekundu, tia chumvi kwenye neli moja na sukari kwenye nyingine. Ya chumvi inageuka buluu, ya sukari haibadiliki. Basi kagua maji yako na usafi wa vyombo.

Muhula uliopita kundi ninalolisimamia lilipata zambarau, likaipima, likagundua chupa hazikusuuzwa vizuri. Nilijivunia vijana wale kuliko waliopata nyekundu mara ya kwanza.

Vijana, tuache kuogopa matokeo yasiyofanana na kitabu! Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliona chumvi ikigeuza dhahabu nyekundu kuwa buluu, akaieleza mbele ya wanasayansi wa London mwaka 1857. Hakuificha.

Wewe pia ipime kesho kwenye spektrofotomita, kile chombo cha kupima mwanga unaofyonzwa, kuanzia nanomita 400 hadi 800, ubandike grafu kwenye daftari, kisha umpelekee mwalimu wako pamoja na chupa.