Maswali ya Wasomaji: Naoshima, zege lake na mwanga wake

Toleo lililopita lilibeba makala kuhusu Naoshima, kisiwa cha Japani katika Bahari ya Seto, na makumbusho ya Chichu ambayo msanifu Tadao Ando aliyazika karibu yote ndani ya kilima. Barua zilizokuja zimezidi nafasi tuliyonayo, kwa hiyo tumechagua zenye maswali ya kazi.

Mmesema chumba cha picha za mchoraji Monet pale Chichu hakina taa hata moja. Jua haliziharibu? Nina chumba cha maonyesho Mji Mkongwe na nafikiria kutoboa paa. (Msomaji, Zanzibar)

Usitoboe bado. Ni kweli kwamba picha 5 za mayungiyungi zilizomo mle, kubwa kuliko zote ikiwa na upana wa mita 6 na kimo cha mita 2, zinaonekana kwa mwanga wa mchana peke yake. Lakini jua lenyewe haliwahi kuzigusa. Mwanga unaingia kwa juu, unagonga dari na kuta nyeupe, na unapofika kwenye picha umekwisha kulainika. Pembe za chumba zimeviringishwa zisikate kivuli. Sakafu imetandikwa vipande 700,000 vya marumaru nyeupe ya Carrara, kila kimoja sentimita 2, navyo vinaurudisha mwanga juu. Wingu likipita nje, rangi za picha zinabadilika mbele ya macho yako.

Jambo la kwanza la kujiuliza ni unaonyesha nini. Rangi ya mafuta inavumilia. Makumbusho mengi huiwekea kikomo cha karibu luksi 200 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu). Karatasi, rangi ya maji, picha za zamani, kanga na vitambaa vingine hupewa 50 tu, kwa sababu madhara ya mwanga yanajumlika: luksi 50 kwa saa 3,000 za mwaka ni sawa na luksi 150 kwa saa 1,000. Kama unatundika tingatinga za rangi ya kung'aa una nafasi kidogo ya kupumua. Kama ni picha za karatasi za karne iliyopita, achana na paa kabisa.

Jambo la pili ni mahali ulipo. Japani jua la mchana daima liko kusini, hivyo dirisha la kaskazini halipati jua kali. Zanzibar mambo ni mengine: kuanzia Oktoba hadi mwanzo wa Machi jua la adhuhuri linakaa kusini, miezi iliyobaki kaskazini, na mara mbili kwa mwaka liko utosini. Tundu bapa la paa litamwaga jua moja kwa moja sakafuni, na joto juu yake. Afadhali unyanyue sehemu ya paa uweke kioo kilichosimama wima kikitazama kusini. Upande huo jua la adhuhuri haliinami sana: hata Desemba linakuwa juu kwa nyuzi kama 73, kwa hiyo kioo cha kimo cha mita 1 kinatosheka na upenu wa sentimita 31 hivi, sema 40 uwe salama. Ongeza mbavu za wima pembeni kwa ajili ya jua la asubuhi na jioni, bandika utando unaozuia miale ya urujuanimno, kisha azima kipima luksi na upime ukutani mwezi wa Desemba na tena Juni kabla ya kutundika chochote cha thamani. Na kwa kuwa ni Mji Mkongwe, kibali cha kugusa paa kinatangulia fundi.

Mafundi wa Ando wanafanyaje zege litoke laini bila plasta? Sisi tukifungua fomu tunakuta matundu na madoa. (Fundi, Mombasa)

Fundi, siri ndogo iko kwenye zege, kubwa iko kwenye fomu, yaani kasha la mbao linaloshikilia zege bichi. Mbao za Ando ni plaiwudi iliyopakwa, kipande cha sentimita 90 kwa 180, na kila kipande kina matundu 6 ya fimbo zinazozifunga fomu mbili pamoja. Milango na madirisha hupangwa kufuata mistari ya vipande hivyo. Yaani mchoro wa fomu unachorwa pamoja na nyumba, na kuanzia hapo hakuna kukata kipande ili kijaze pengo. Ukitazama ukuta wa Chichu unaweza kuhesabu vipande vyote, hata kwenye kuta zilizoinama.

Matundu unayoyaona chanzo chake kikuu ni uvujaji. Maji ya saruji yakipenya kwenye kiungo cha mbao mbili, kinachobaki pale ni kokoto tupu. Ziba kila kiungo kwa sponji au silikoni, na usidharau nguvu inayosukuma: ukuta wa mita 3 ukijazwa kwa mkupuo, zege bichi linabonyeza sehemu ya chini kwa karibu tani 7 kwa kila mita ya mraba. Fomu ikifunguka milimita 2 tu, ukuta umekwisha.

Maji ndiyo ugomvi wa kila saiti. Kwa ukuta wa wazi karibu na bahari tumia uwiano wa maji kwa saruji wa 0.45, maana yake lita 22 na nusu kwa mfuko wa saruji wa kilo 50. Humo hesabu na maji yaliyomo mchangani: kilo 75 za mchanga wenye unyevu wa asilimia 5 zinaficha karibu lita 4. Zege hilo litakuwa zito kulimwaga. Dawa yake ni kemikali ya kulainisha zege, si ndoo ya pili.

Mwaga kwa tabaka za sentimita 30 hadi 50, zege lisianguke zaidi ya mita 1 na nusu. Vibreta (mashine ya kutikisa zege litoe hewa) ya milimita 50 ichomekwe kila sentimita 40, sekunde 5 hadi 15, ishuke sentimita 10 ndani ya tabaka la chini, na itoke polepole. Wengi wanaichomoa kwa kuivuta ghafla, na hapo ndipo hewa inabaki. Pia wanaigusisha kwenye nondo, na baada ya wiki mchoro wa nondo unaonekana ukutani.

Madoa ni habari nyingine. Oili chafu ya gari ikomeshwe kabisa. Tumia mafuta maalumu ya fomu, kidogo, kisha futa kwa kitambaa. Saruji iwe ya kiwanda kimoja na mchanga wa machimbo mamoja kuanzia msingi hadi juu. Plaiwudi mpya na iliyotumika mara tatu hazitoi rangi moja, kwa hiyo usizichanganye kwenye ukuta mmoja. Nailoni ya kutunza unyevu ikigusa zege hapa na kuachia pale inaacha mabaka. Ining'inize mbele ya ukuta, siku 7 zisipungue.

Na Mombasa kuna chumvi. Biskuti (vipande vinavyotenga nondo na fomu) ziwe za sentimita 5, mchanga wa baharini usiingie saiti. Ukuta usio na plasta hauna nguo ya pili: nondo ikishika kutu, utaona michirizi ya kahawia, halafu zege linapasuka. Jenga kwanza ukuta wa majaribio wa mita 2 kwa 2, pembeni, ambao utavunjwa. Mteja akikataa kuulipia, mpigie plasta.

Kwa nini wayazike makumbusho ya Chichu? (Mwanafunzi, Kigali)

Mandhari ya bahari na visiwa ndiyo mali ya pale, na jengo kubwa juu ya kilima lingeyakata. Lakini kaskazini ya kisiwa hichohicho kuna kiwanda cha kuyeyusha madini cha Mitsubishi tangu 1917, na moshi wake uliwahi kukausha mimea. Kisiwa jirani cha Teshima kilitupiwa taka za viwandani kinyume cha sheria. Baada ya wakazi kushinda madai yao mwaka 2000, zaidi ya tani 900,000 zilichimbwa na kuvushwa hadi Naoshima kusafishwa. Anayeandika kuhusu visiwa hivi kama bustani isiyoguswa amesoma vipeperushi tu.

Ganda la makumbusho ya Teshima limesimamaje bila nguzo? (Mwanafunzi wa usanifu, Dar es Salaam)

Eneo lake ni mita 40 kwa 60, unene sentimita 25, kimo cha ndani hakizidi mita 4 na nusu. Msanifu wake, Ryue Nishizawa, hakutumia fomu za mbao. Udongo ulirundikwa ukapewa umbo la tone la maji, ukasawazishwa, ukafungwa nondo, kisha zege likamwagwa juu yake mfululizo. Lilipokomaa, udongo ukachimbwa na kutolewa kupitia uwazi. Mkunjo wa ganda ndio unaobeba uzito, ukiusukuma kuelekea kingoni. Ganda bapa namna ile linasukuma sana kwa pembeni, na msingi wa kingo ndio uliohitaji kazi.

Juu kuna matundu mawili makubwa yasiyo na kioo. Mvua, majani na wadudu vinaingia. Kazi ya msanii Rei Naito iliyomo ni maji: yanachomoza sakafuni kwa vijitundu, yanajikusanya na kuteleza. Sakafu ina mteremko hafifu na haifyonzi maji, la sivyo tone lingekufa pale lilipozaliwa. Kwa maoni yetu ndilo jengo bora kuliko yote ya visiwa vile, Chichu likiwemo.

Tunaishi Maskati, tutakuwa Osaka na watoto wawili. Siku mbili zinatosha? (Mama na baba)

Zinatosha, kisiwa kimoja kwa siku. Chichu kwa kawaida hufungwa Jumatatu na Teshima Jumanne, na majira ya baridi Teshima hupunguza siku zaidi. Angalieni kalenda kabla ya kulipia hoteli. Tiketi za Chichu zina saa maalumu na hununuliwa mtandaoni mapema. Watoto wa miaka 15 kushuka chini hawalipi.

Feri kutoka bandari ya Uno hadi bandari ya Miyanoura, Naoshima, ni dakika 20. Kutoka mji wa Takamatsu ni kama 50. Kutoka bandarini pandeni basi la mji hadi kituo cha Tsutsujiso, kisha basi la bure. Baiskeli hairuhusiwi kupita eneo la makumbusho baada ya Tsutsujiso. Wengi wanaligundua hilo getini. Teshima ina vilima, kodini baiskeli ya umeme, na wekeni akilini saa ya boti ya mwisho kwa sababu zina viti vichache. Migahawa ni michache na hufunga mapema, mwenye kula halali abebe chakula. Ndani ya Chichu na Teshima hakuna kupiga picha.

Boga la njano la Naoshima, sanamu ya msanii Yayoi Kusama, lilichukuliwa na bahari. Nataka kuweka sanamu yangu ya faibaglasi ufukweni. (Mchongaji, Bagamoyo)

Boga lile liliwekwa kwenye gati la zamani mwaka 1994. Kawaida tufani ikikaribia liliondolewa. Agosti 2021 mawimbi yaliwahi, yakalivunja, na jipya likarudi Oktoba 2022. Funzo kwako ni kuipanga sanamu yako tangu mwanzo iondoke haraka: kitako cha zege kibaki, sanamu ifungwe kwa boliti 4 zinazofikika kwa spana moja, na juu iwe na pete iliyoshikwa na fremu ya ndani, si na faibaglasi yenyewe. Kitu chenye uwazi ndani kinaelea, kwa hiyo toboa matundu chini maji yaingie na kutoka. Rangi ya juu iwe ya kuhimili jua, ing'arishwe tena inapoanza kutoa unga mkononi. Boliti ziwe chuma cha pua daraja la 316. 304 itaota vidoa vya kutu kwa chumvi ya Bagamoyo.