Bibi ametia chumvi mara tatu: maswali yenu kuhusu kusahau uzeeni

Bibi yangu ana miaka 78. Wiki hii ametia chumvi mara tatu kwenye mtori mmoja, na Jumapili alipotea akitoka kanisani. Shangazi anasema ni uzee tu. (Msomaji, Kibosho)

Si uzee tu. Uzee humfanya mtu alitafute jina la jirani, likamjia baadaye akiwa jikoni. Lakini njia aliyoipita miaka hamsini ikimpotea, hapo kuna ugonjwa. Mwaka 2010 watafiti walipita vijijini wilayani Hai, wakawapima watu wapatao 1,200 wenye miaka 70 na zaidi. Takriban 6 katika kila 100 walikuwa na demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaodhoofisha kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Kwa hiyo hauko peke yako, ndugu yangu, wala ukoo wenu haujalaaniwa.

Mpelekeni hospitali mapema, kwa sababu kuna kusahau kunakotibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, sonona, au damu iliyovujia kichwani baada ya kuanguka. Na kama amebadilika ghafla, ndani ya siku mbili tatu, mpelekeni leo leo. Huenda ni maambukizi, na kwa mzee hayo hayasubiri.

Baba hakwenda shule. Watampimaje kumbukumbu? (Sakina, Arusha)

Swali zuri sana. Vipimo vingi vya kigeni humtaka mtu aandike sentensi au achore, na mzee asiyewahi kushika kalamu huonekana mgonjwa bure. Kutokana na kazi iliyofanyika Hai kimepatikana kipimo kiitwacho IDEA, kisichohitaji kusoma wala kuandika. Mpimaji anapanga njiti za kiberiti mezani, kisha mzee anaombwa azipange vilevile. Nimemwona mzee mmoja aliyejenga nyumba yake kwa mikono yake akiigeuzageuza njiti moja muda mrefu, asijue pa kuiweka. Mwanawe alikuwa kimya pembeni. Nadhani siku ile ndipo alipoelewa.

Mafuta ya nazi yanatibu? (Moshi mjini)

Hapana. Kupikia ni sawa.

Tumesikia Marekani kuna dawa mpya. Ukoo uchangishane? (Majengo, Moshi)

Dawa zipo: lecanemab iliidhinishwa huko mwaka 2023, donanemab mwaka 2024. Zinaondoa uchafu wa protini iitwayo amiloidi kwenye ubongo. Ila haziponyi, wala hazirudishi kilichokwisha kupotea. Katika majaribio, lecanemab ilipunguza kasi ya kudhoofika kwa asilimia 27 ndani ya miezi 18. Ni za wagonjwa wa hatua za mwanzo tu wa Alzheimer, aina ya demensia inayowapata wengi zaidi, hutolewa kwa dripu, na mgonjwa hupigwa picha za MRI mara kwa mara kwa sababu ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu. Msiuze kihamba, shamba la ukoo. Mchango huo mlipeni mtu wa kushinda na mzee, ili dada yenu anayemuuguza apate kulala.

Nina miaka 52, presha inapanda, na mama aliugua hivyo. Nami nitaupata? (Usa River)

Si lazima. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la kitabibu la Lancet lilitaja mambo 14 yanayochangia na yanayoweza kurekebishwa, likakadiria kwamba karibu asilimia 45 ya demensia ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Presha imo, kisukari kimo, sigara na pombe nyingi pia, na hata masikio yasiyosikia.

Mimi ningeanza na presha. Huko China, katika vijiji 326, waganga wa vijijini wasio madaktari kamili walipewa jukumu la kusimamia dawa za presha za watu. Baada ya miaka minne demensia ilikuwa pungufu kwa asilimia 15 kuliko vijiji vilivyoendelea na huduma za kawaida. Kidonge cha presha kipo zahanati ya jirani. Kimeze kila siku, hata siku unayojisikia mzima.

Mama anatembea usiku na kuongea peke yake. Majirani wameanza kumwita mchawi. (Marangu)

Pole sana, mama yangu. Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote. Mgonjwa wa kwanza wa Alzheimer, aliyeelezwa na daktari Alois Alzheimer kule Ujerumani, Auguste Deter, naye alikuwa akificha vitu na kumshuku mumewe. Alipofariki mwaka 1906 ubongo wake ulitazamwa kwa darubini, na uharibifu ukaonekana wazi. Ni ugonjwa wa ubongo, kama kiharusi kilivyo.

Mwombe daktari au muuguzi aje na balozi wa nyumba kumi, waongee na majirani mbele yako, kabla maneno hayajaota mizizi. Usiku fungeni lango la nje, si chumba chake, na mwacheni na taa inayowaka. Akiamka aione sura anayoijua.