Kukwepa foleni Two Rivers msimu wa likizo

Dada, umeuliza utafanyaje ili wanao watatu wasishinde kwenye foleni ukiwapeleka kwenye bembea na michezo mingine ya kupanda pale Two Rivers, ile mall ya Nairobi, tarehe 26 Desemba. Mimi hupeleka wangu na wa dada yangu kila likizo, na jibu langu ni badilisha tarehe. Watu hudhani Nairobi inabaki tupu Krismasi kwa vile wengi wameenda ushago. Barabara ni tupu kweli, ila waliobaki wote huelekea sehemu zile zile mbili tatu.

Kati ya shule kufungwa na Jamhuri Dei, siku za kazi ni nzuri sana maana wazazi wengi bado wako ofisini. Lakini hakuna kama Njaanuari. Siku zile kabla shule hazijafunguliwa kila mtu anahangaikia karo na yunifomu, na watoto hurudia mchezo mmoja mpaka wachoke wenyewe. Pesa yake iweke kando mapema, Desemba isiimeze. Kama ni lazima iwe wikendi, fika Jumapili asubuhi watu wakiwa kanisani (wa misa ya kwanza mnisamehe kwa kutoa siri). Kuanzia saa nane mchana wanamiminika wote, na nguo za ibada wamevaa bado.

Ukishaingia, usitishwe na urefu wa foleni, tazama inavyosonga. Simama kando uhesabu wanaopanda kwa zamu moja, na dakika zinazopita mpaka zamu nyingine ianze. Wakipanda 16 kila baada ya dakika nne, watu 80 walio mbele yako ni dakika 20. Foleni ya watu 28 wanaopanda wanne wanne kwa muda huo huo itakula karibu nusu saa, ingawa kwa macho ni fupi. Kwa hiyo michezo yenye viti vichache ianze asubuhi, ile inayobeba wengi kwa mpigo iache ya mchana.

Na watoto wapimwe urefu kabla ya kupanga foleni! Likizo iliyopita mbele yangu kulikuwa na baba na kabinti kake, wamechomwa na jua wee. Kufika langoni, kijana wa zamu akamsimamisha mtoto kwenye kipimo, kichwa kikawa chini ya mstari kwa vidole viwili. Akavishwa viatu vya kakake vyenye soli nene. Wapi! Kilio chake kilisikika mpaka maegeshoni.

Chakula kuleni saa tano na nusu. Saa saba wenzenu wakipanga foleni ya chipsi, nyinyi mko kwenye michezo. Mvua ikinyesha michezo husimamishwa na watu hukimbilia magari. Nyinyi jikingeni tu mkiwa na makoti yenu. Ikikatika na viti vikipanguswa, mara nyingi mtakuwa wa kwanza.

Kuhusu kuwekeana nafasi: mtoto aliyeenda choo, sawa. Mtu mmoja kushikia watoto saba, hapo mtagombana na umma, na umma una haki.

Kwa ASK Show, yale maonyesho ya kilimo pale Jamhuri Park, hesabu ya siku inageuka, kwa sababu siku za kazi ndizo mabasi ya shule hushusha wanafunzi. Huko anzeni na bembea asubuhi na mapema. Ng'ombe wa maonyesho watawangoja.