Jina Mashaka lina mkosi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa miaka sita anaitwa Mashaka, jina alilopewa na babu yake. Anaumwaumwa, basi jirani akanipeleka kwa mtaalamu wa nyota, Manzese. Kasema jina ni zito, nitoe laki moja na nusu alibadilishe. Nako mtandaoni nimesoma maana yake ni “mwenye wasiwasi”. Nifanyeje? Mama Mashaka, Mbagala.

JIBU: Marahaba, Mama Mashaka. Mtoto apelekwe hospitali, hilo halingoji jina.

Hiyo “mwenye wasiwasi” kaiandika mtu aliyeona neno shaka akaridhika. Mashaka ya jina ni taabu, dhiki, kutoka Kiarabu mashaqqa. Shaka ya wasiwasi ni shakk, neno jingine. Yamefanana kwetu kwa sababu ulimi wetu hautenganishi herufi mbili za Kiarabu, kafu na qafu.

Lakini taabu ya nani? Hapa ndipo watu wanaponichosha. Mashaka, Shida, Tabu, Masumbuko: majina haya hayamtabirii mtoto kitu. Yanaeleza nyumba ilikuwaje siku alipozaliwa, pengine mimba ilisumbua, pengine kulikuwa na msiba au ugomvi wa ukoo. Aliyezaliwa wakati wa mvua akaitwa Masika, mbona hatumtarajii alowe maisha yake yote? Muulize babu, yeye ndiye anayejua alikuwa anakumbuka nini.

Huyo wa Manzese kazi yake naijua. Wenzake hugeuza herufi za jina la mtoto na la mama kuwa namba za abjadi, yaani kila herufi ya Kiarabu na namba yake, wakajumlisha, wakagawa kwa 12, kinachobaki ndiyo nyota. Muulize Mashaka kaliandika kwa herufi ipi. Kafu ni 20, qafu ni 100. Badili herufi hiyo moja tu, mtoto kahama nyota!

Najua nitaambiwa Mtume alibadilisha majina yenye maana mbaya. Kweli, na mzazi asiyelipenda jina ana haki hiyo. Ila hapo haihitajiki nyota wala laki na nusu.

Balaa lenyewe huja baadaye. Jina linabadilishwa chumbani kwa ubani, cheti cha kuzaliwa cha RITA kinabaki Mashaka, shuleni anaandikishwa Baraka. Akifika umri wa kitambulisho cha taifa cha NIDA, karatasi hazisomani, kijana anazunguka na bahasha ya viapo huku nafasi ya kazi inampita. Nyota ndiyo hiyo. Anayetaka kubadilisha kweli aone mwanasheria, hati ya kubadili jina isajiliwe, cheti cha kuzaliwa kishughulikiwe, na yote yaishe kabla mtoto hajasajiliwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi.