Tamasha lisilo na tuzo, nipeleke video yangu ya nini?

Dada, peleka tu. Kukosa shindano si kwamba kila kitu kinapokelewa. Wachaguzi wapo, na kuchujwa kunauma vilevile. Ila ukishapita, hakuna jaji wa kushindanisha video yako ya nyavu zinazokauka ufukweni Bagamoyo, bila mhusika wala neno, na filamu yenye hadithi na waigizaji. Angewapimaje? New York wanaendesha tamasha lao la filamu hivyo tangu 1963. Rotterdam, kule Uholanzi, nao walikaa miaka mingi bila shindano, mpaka 1995 walipoanzisha tuzo ya Tiger. Ukitaka tuzo, ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, wapo hapo ng'ambo tu, Unguja.

Cha kuuliza kabla hujatuma ni ada, kama msanii analipwa, na zaidi ya yote, video itaonyeshwaje: ukumbini, watu wamekaa gizani, au kwenye skrini inayojirudia kutwa huku watu wakipita? Hilo wengi hawalifikirii. Ikiwa ni ya kujirudia, mtazamaji anaweza kuingia katikati, na sauti ya chini kama ya yale mawimbi yako itamezwa na makelele. Tengeneza nakala mbili. Na kabla ya yote waonyeshe watu wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, ukutani, si kwenye simu.