Je, kanisa hutoza kodi katika vijiji vya Uingereza?

SWALI: Mhariri, binti yangu huwatunza wazee katika kijiji kimoja cha mashambani huko Uingereza. Ameniandikia kwamba ankara ya kodi ya halmashauri kwa nyumba anayopanga ina fungu la parishi. Sisi ni waumini wa ACK (Kanisa la Anglikana la Kenya), na zaka tunatoa kwa hiari. Je, huko kanisa hutoza watu kwa lazima? Na mgeni kama yeye ana sauti yoyote? – Mama mzazi, Kangemi, Nairobi

JIBU: Mama, fedha hizo haziendi kanisani. Kijiji cha Uingereza aghalabu huwa na parishi mbili: moja ya Kanisa la Anglikana, chini ya kasisi, na nyingine ambayo ni ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa, yenye baraza linalochaguliwa na wakazi.

Hapo kale mambo hayo yalikwenda pamoja. Mwaka 1538 makasisi waliamriwa kuandika daftarini kila ubatizo, ndoa na maziko, na sheria ya mwaka 1601 ikaitwika kila parishi mzigo wa kuwatunza maskini wake kwa kodi iliyotozwa wenye ardhi na nyumba. Matokeo yake mengine yalikuwa ya kikatili, kwani zilikuwapo parishi zilizomfukuza mjamzito asiye na mume ili mtoto asizaliwe kwao akawa mzigo wao. Kodi ya lazima ya kutunza jengo la kanisa, ambayo hata Wabaptisti walidaiwa, ilifutwa mwaka 1868. Hatimaye sheria ya mwaka 1894 iliunda mabaraza ya parishi vijijini na kuyakabidhi shughuli za kiraia zilizokuwa mikononi mwa kanisa.

Baraza la leo laweza kushughulikia taa za barabarani, makaburi, viwanja vya michezo na vishamba vya kukodisha kwa wanaotaka kulima mboga. Karani hulipwa, lakini madiwani kwa kawaida hawana mshahara, habari ambayo sidhani itawafurahisha MCA wetu, yaani wawakilishi wa wadi katika mabunge ya kaunti. Kila mwaka baraza hupanga kiasi linachohitaji, na halmashauri iliyo juu yake hukikusanya pamoja na kodi yake yenyewe. Kwa hiyo binti yako hawezi kukwepa fungu hilo kwa hoja kwamba hasali katika kanisa la pale.

Sauti anayo. Kwa kuwa Kenya imo katika Jumuiya ya Madola, Mkenya aliyetimiza miaka 18 na mwenye kibali halali cha kuishi Uingereza anaruhusiwa kupiga kura katika chaguzi za mitaa, za parishi zikiwamo. Vikao vya baraza viko wazi kwa umma, na kila mwaka, kati ya tarehe 1 Machi na 1 Juni, hufanyika mkutano wa parishi ambamo mpiga kura yeyote wa hapo anaweza kuuliza fedha zimetumikaje. Ajiandikishe kwa halmashauri ile ile inayotuma ankara, maana baraza la parishi haliandikishi wapiga kura.