Anza na kutu, rangi baadaye

Umeuliza uanze na injini au rangi katika kukarabati MGB yako ya wazi, gari dogo la michezo la Uingereza, uliyokaa nayo miaka 30. Mimi ningeanza chini ya bodi. Gari hili, lililotengenezwa 1962 hadi 1980, halina chesisi ya kujitegemea, yaani fremu ya chuma iliyo peke yake chini ya bodi. Bodi yenyewe ndiyo hubeba kila kitu. Na kwa kuwa halina paa, nguvu kubwa iko kwenye ile mihimili iliyo chini ya milango. Ikiliwa na kutu, gari hulegea katikati na milango hugoma kufunga.

Kabla fundi hajakata chochote, achomelee vyuma vya muda kutoka nguzo ya mbele ya mlango hadi ya nyuma, na apime nafasi za milango kila hatua. Akikata bila hivyo bodi hupinda, na kuinyoosha ni mateso. Nimeshuhudia, iliniuma sana.

Injini, ile ya cc 1,798, ni ya chuma cha kusubu, itasubiri. Mabomba ya mpira ya breki na ya mafuta badilisha yote, hata yanayoonekana mazima. Vipande vya zamani, hata vilivyooza, usivitupe mpaka vipya vikae sawasawa.